Karak: Ngome ya Kunguru na Harusi Iliyozingirwa



Mashariki ya Bahari ya Lut, katika nchi ya Jordani, pana kilima kirefu kilichozungukwa na mabonde, na katika ncha yake ya kusini imekaa ngome ya Karak. Imetenganishwa na mji wake kwa handaki lililochimbwa katika mwamba. Mawe yake ni ya namna mbili. Yale meusi, yaliyochongwa kwa haraka, ni ya Wafaranji walioianzisha. Yale meupe, yaliyolainishwa kwa ustadi, ni ya Wamamluki walioikarabati na kuiongeza baadaye. Anayejua kuyatofautisha huisoma historia ya mahali hapo ukutani, bila ya kufunua kitabu.

Sisi watu wa mwambao tuna uzi mwembamba unaotuunganisha na ngome hii. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuisifu dini ya wazee wetu na misikiti yao ya mbao, alikuwa amepita Karak miaka 5 kabla, akiwa katika msafara wa Mahujaji uliotoka Dameski. Ameandika kwamba msafara ulitua nje ya mji kwa siku 4, watu wakajitayarisha kuingia jangwani, na kwamba ngome ile iliitwa Ngome ya Kunguru. Macho yaliyoziona kuta za Karak ndiyo yaliyokuja kuiona pwani yetu.

Ngome nyingi hukumbukwa kwa majemadari wake. Karak hukumbukwa pia kwa mambo ya nyumbani: sahani za harusi, kikombe cha maji, na mama aliyemwombea mwanawe. Ndiyo sababu tumeona inafaa kuzungumzwa katika jarida la familia, na ndiyo sababu yafaa tuzitazame vyema hekaya zake kabla ya kuwarithisha watoto wetu.

Ujenzi wa ngome ulianza mwaka 1142. Wafaranji, yaani watu wa Ulaya waliokuja Sham kwa vita vya msalaba, walikuwa wameitawala Baytul Maqdis tangu mwaka 1099. Aliyeijenga aliitwa Pagan, mtu ambaye kabla ya kupewa nchi ya ng'ambo ya mto Jordani alikuwa mnyweshaji wa mfalme. Mahali alipachagua kwa hesabu. Karibu na kilima kile ilipita njia ya kale iliyoiunganisha Sham na Misri na Hijazi. Wafanyabiashara waliifuata, na Mahujaji waliifuata. Mwenye Karak alikuwa kama bawabu mlangoni: akitaka hufungua, asipotaka hufunga, na akitaka hutoza.

Mwaka 1176 Mfaranji mmoja aitwaye Reynald wa Châtillon aliachiliwa baada ya kukaa kifungoni Halab kwa miaka ipatayo 15. Alimwoa Stephanie wa Milly, mjane aliyeirithi nchi hiyo, na kwa ndoa hiyo akawa bwana wa Karak. Waarabu walimwita Arnat. Mwishoni mwa mwaka 1182 na mwanzoni mwa 1183, Arnat aliunda vyombo vya bahari vipande vipande, akawabebesha ngamia hadi Ghuba ya Aqaba, akaviunganisha na kuvishusha katika Bahari ya Shamu. Watu wake waliishambulia bandari ya Aydhab upande wa Misri, wakachoma vyombo, wakawateka wasafiri, na hofu ikaenea Hijazi hadi katika miji mitukufu. Husamuddin Lu'lu', aliyetumwa kutoka Misri na Al-Adil, nduguye Sultani Salahuddin Al-Ayyubi, ndiye aliyewaandama akawamaliza. Ibn Jubayr wa Andalusia, aliyekuwa njiani kwenda Hija mwaka huo, aliwaona mateka wao wakiingizwa Iskandaria juu ya ngamia, nyuso zimeelekezwa mikiani. Sisi ambao wazee wetu waliiendea Makka kwa vyombo vya tanga hatuhitaji kuelezwa uzito wa kumvamia Hujaji baharini, mahali ambapo hana pa kukimbilia.

Basi mwezi wa Novemba mwaka 1183, Salahuddin alipokuja na jeshi lake hadi Karak, alikuja kwa mtu huyo. Lakini siku hizo ndani ya ngome palikuwa na harusi. Humphrey wa Toron, mwana wa Stephanie kwa mume wake wa kwanza, alikuwa anamwoa Isabella, dada wa baba mmoja wa Mfalme Baldwin wa Baytul Maqdis. Wageni walikuwa wamekwisha kufika, pamoja na waimbaji na wapiga zumari. Watu wa mji wakakimbilia ndani kwa vishindo, malango yakafungwa, na manjaniki zikaanza kuvurumisha mawe.

Hapa ndipo hekaya inapoingia. Yasemekana kwamba Bibi Stephanie, mama wa bwana harusi, aliandaa sehemu ya karamu, mikate na nyama ya kondoo na ya ng'ombe, akaipeleka nje ya ngome kwa Sultani aliyekuwa akiipiga nyumba yake. Salahuddin akaipokea kwa shukrani. Akauliza maharusi watalala katika mnara upi. Alipoonyeshwa, akapiga mbiu katika jeshi lake kwamba mnara ule usiguswe kwa jiwe wala mshale. Kwingine kote vita viliendelea kama kawaida.

Hekaya hii tunaipenda, na si ajabu. Inamwonyesha shujaa wetu akiwa mwungwana, nasi katika mwambao huu twajua thamani ya uungwana. Lakini katika darsa zetu tumefunzwa kuuliza kila habari imepokewa kutoka kwa nani. Habari hii imetujia kupitia masimulizi ya Wafaranji wenyewe. Jambo hilo laipa uzito wake, kwa kuwa adui hana haja ya kumpamba adui yake. Hata hivyo, masimulizi hayohayo yaongeza kwamba Salahuddin katika ujana wake alipata kuwa mateka ndani ya Karak, na kwamba alimbeba Stephanie mikononi alipokuwa mtoto mchanga. Hilo haliafikiani na maisha ya Sultani, aliyezaliwa Tikrit na kukulia Baalbek na Dameski. Tuipokee basi kama hekaya: tuipe heshima yake, wala tusiipe daraja ya historia. Na tukumbuke pia kwamba hata ndani ya hekaya, uliosalimika ni mnara mmoja. Wapishi, wachungaji, na kina mama wa mji walioingia na watoto mgongoni, hao walibaki chini ya mawe.

Sisi tuliwasimulia watoto wetu kisa hiki usiku mmoja baada ya Isha. Wavulana waliuliza unene wa kuta na uzito wa mawe ya manjaniki. Binti yetu wa miaka 10 alikuwa na swali moja: bibi harusi alikuwa na umri gani? Tukamjibu kama historia inavyojibu, kwamba alikuwa na miaka ipatayo 11. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Aliulizwa?"

Swali hilo lilitupeleka tena kwenye vitabu. Isabella aliposwa mwaka 1180, akiwa na miaka 8, kwa amri ya wakubwa waliotaka kumwondoa katika mkono wa jamaa za mama yake, Maria Komnene, aliyekaa Nablus. Alipelekwa Karak alelewe ukweni. Na yasimuliwa kwamba Stephanie, mama mkwe wake mtarajiwa, alimzuia kwenda kumwona mamake. Mtoto yule alikuwa rehani ya siasa. Mnara ambao hekaya imeuhifadhi kwa uzuri wa harusi ulikuwa, kwa aliyekuwa ndani yake, mahali pa miaka 3 bila mama.

Kuzingirwa huko hakukudumu. Mfalme Baldwin, kijana aliyekuwa ameliwa na ukoma hata macho yake hayaoni, alibebwa kwa machela mbele ya jeshi la kuiokoa ngome, na mwanzoni mwa Disemba Salahuddin akaondoka. Alirudi mwaka uliofuata, na safari hiyo pia Karak haikuanguka. Kisha yakafanywa mapatano ya kusimamisha vita, misafara ikapita tena kwa amani.

Arnat ndiye aliyeyavunja. Katika majira ya baridi baina ya mwaka 1186 na 1187 aliuvamia msafara mkubwa, akateka watu na mali, na alipotakiwa na Sultani, na hata na mfalme wake mwenyewe, arudishe alichochukua, alikataa. Hapa pia pana hekaya, ambayo filamu za siku hizi zimeikuza: kwamba dada wa Salahuddin alikuwa katika msafara ule akatekwa. Waandishi wa Kiislamu wa zama zile hawasemi hivyo. Dada wa Sultani alirejea kutoka Hija katika msafara mwingine, baadaye, na Salahuddin alitoka na jeshi lake kuilinda njia mpaka Mahujaji wakapita salama. Wanawake wa nyumba ya Ayyubi hawahitaji hekaya ya kutekwa ili wakumbukwe. Dada mmoja wa Sultani, aliyejulikana kwa lakabu ya Sitt al-Sham, yaani Bibi wa Sham, aliacha Dameski madrasa zilizoitwa kwa jina lake.

Tarehe 4 Julai 1187, katika mwezi wa Mfunguo Saba mwaka 583 Hijria, jeshi la Wafaranji lilivunjwa huko Hattin, likiwa limechoka kwa kiu. Mfalme wao, Guy, na Arnat wakaletwa hemani kwa Sultani. Salahuddin akampa mfalme maji yaliyopozwa kwa theluji. Mfalme akanywa, kisha akampitishia Arnat kikombe. Sultani akatangaza mbele ya watu kwamba si yeye aliyempa Arnat kinywaji kile. Maana ya maneno hayo ilifahamika na kila aliyekuwamo hemani. Kwa desturi ya Waarabu, mateka aliyekula au kunywa kwa mkono wa aliyemteka, damu yake imehifadhika. Arnat akahesabiwa ahadi alizozivunja, akauawa. Mfalme akaambiwa asihofu.

Tuiweke habari hii kando ya hekaya ya harusi, nasi tutaona kwa nini hekaya ile ilikubalika kwa wepesi. Yule anayesemwa kuzipokea sahani na kuuhifadhi mnara ndiye aliyekizuia kikombe. Chakula na maji hapa ni mkataba. Wazee wetu husema ahadi ni deni. Katika jangwa lile, tonge pia lilikuwa deni. Watu waliomjua Salahuddin kuwa hivyo katika hema la Hattin hawakuona taabu kuamini kwamba alikuwa hivyo chini ya kuta za Karak.

Baytul Maqdis ikafunguliwa tarehe 27 Rajab mwaka huohuo, sawa na 2 Oktoba 1187. Humphrey, yule bwana harusi, alikuwa miongoni mwa mateka wa Hattin. Stephanie, ambaye sasa alikuwa mjane tena, akaenda kwa Sultani kumwombea mwanawe. Salahuddin akamwambia kwamba atamwachilia ikiwa Karak na ngome jirani ya Shawbak zitasalimishwa. Mama akakubali, akaenda mpaka kwenye kuta zake mwenyewe, akawaamuru askari wake wafungue malango. Wakamkatalia. Yasimuliwa kwamba Humphrey alikuwa amekwisha kukabidhiwa kwa mamake, na kwamba Stephanie, ahadi ilipomshinda kutimiza, alimrudisha mwanawe kifungoni kwa mkono wake mwenyewe. Baadaye Sultani alimwachilia.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Huyu ndiye aliyemzuilia mtoto wa mwenziwe asimwone mama yake. Na sasa yeye alisimama chini ya ngome aliyoirithi, mbele ya watu waliokula mkate wake, wakathamini mawe kuliko mwanawe. Hatulisemi hili kwa kumcheka. Twalisema kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na ugumu kwa mtoto wa mwingine na huruma isiyo na mpaka kwa wake, na hilo si jambo la Karak peke yake. Wangapi katika nyumba zetu humlea msichana wa kazi au mke wa mwana kwa mizani isiyo ile wanayomtakia binti yao aendako?

Karak ikazingirwa zaidi ya mwaka mmoja, mzingiro ukisimamiwa na Al-Adil. Waliomo walikula farasi wao. Kisha, kwa masimulizi ya Wafaranji wenyewe, waliwatoa nje wake zao na watoto wao wakawauza kwa mabedui ili wapate mkate. Ngome ikasalimu amri mwishoni mwa mwaka 1188, mwaka 584 Hijria, baada ya njaa kuwashinda. Na masimulizi hayohayo yasema kwamba Salahuddin aliamuru wanawake na watoto wale watafutwe, wakakombolewa na kurudishwa kwa watu wao. Sisi Waislamu twajua asili ya tendo la namna hiyo. Katika Suratul Insan kumlisha mateka kumetajwa pamoja na kumlisha maskini na yatima.

Lakini tusiifurahie huruma ya mshindi hata tukasahau kilichotangulia. Ngome hujengwa ili iwalinde walio dhaifu. Karak ilifika mahali ambapo walio dhaifu waliuzwa ili ngome isimame siku chache zaidi. Kuta zilibaki nzima, na nyumba iliyokuwa ndani yake ikawa imekwisha. Kila jamii ina kuta zake inazozienzi, ama ni jina la ukoo, ama ni heshima mbele ya watu, ama ni mali. Zinapoanza kugharimiwa kwa watoto, hapo hazistahili tena jina la ngome.

Na Isabella je? Mwaka 1190 dada yake aliyekuwa malkia alifariki, na urithi wa ufalme ukamwangukia yeye, akiwa na miaka 18. Wakubwa walitaka mume mwenye nguvu za vita kuliko Humphrey, ambaye alikuwa mtu mpole. Safari hii mama yake mwenyewe alikuwa upande wao. Hoja waliyoitoa ili ndoa ivunjwe ni kwamba Isabella aliolewa kabla ya umri wake, na kwamba hakuwa ameridhia. Yeye mwenyewe alikuwa amemzoea na kumpenda Humphrey, wala hakutaka kuachana naye. Basi swali ambalo hakuna aliyemwuliza akiwa na miaka 11, waliliuliza kwa niaba yake miaka 7 baadaye, wakati ambapo jibu liliwafaa wao. Akaozwa Conrad wa Montferrat. Conrad akauawa mwaka 1192. Siku chache baadaye akaozwa Henry wa Champagne, huku ana mimba ya Conrad. Henry akafa mwaka 1197. Akaozwa mume wa nne, Aimery wa Lusignan. Isabella mwenyewe alifariki mwaka 1205, akiwa na miaka ipatayo 33.

Dini yetu imeamrisha mwari aombwe idhini yake kabla ya kufungwa nikaha, na mashehe wetu hulikumbusha jambo hilo. Hata hivyo tukisema kweli, katika mwambao wetu wapo mabinti ambao idhini yao huombwa baada ya siku kutajwa, mahari kupokewa na kadi kugawiwa, na kimya chao kikachukuliwa kuwa ridhaa kwa sababu hakuna aliyewapa nafasi ya neno jingine. Kuuliza baada ya mambo kukatwa si kuuliza.

Ngome ya Karak iliendelea na maisha yake. Sultani Baybars wa Wamamluki aliitwaa mwaka 1263 akaongeza minara. Tetemeko la ardhi la mwaka 1293 likaiharibu sehemu. Na leo ndani yake kuna makumbusho, na wageni hupita katika kumbi zake za chini zilizojengwa kwa matao. Mji wake ulimzaa mwaka 1233 tabibu Ibn al-Quff, aliyeandika kitabu mashuhuri cha upasuaji. Huenda hilo ni jambo jema la kuwaambia watoto baada ya habari nyingi za manjaniki: kwamba kando ya kuta zilezile alizaliwa mtu aliyejifunza kushona majeraha.

Tuendelee kuwasimulia hekaya ya sahani na mnara, kwani inawafunza kwamba hata vitani kuna mpaka. Lakini tukifika kwenye mnara, tusiharakishe kwenda vitani. Tutue kidogo hapo, tuwaache watoto waulize ni nani aliyemo ndani, amefikaje, na kama kuna mtu aliyemwuliza.

Wabillahi tawfiq.